Joka, kabati, kivuli na sindano ya shaba: mtoto aanze na kisa kipi?

Likizo ya Agosti ikikaribia, wazazi wenzangu hapa Buruburu huniuliza swali lile lile. Mtoto amemaliza vitabu vya hadithi vya shuleni, vile vyembamba. Ameonja filamu za wapiganaji wa panga na ngao. Sasa anataka kisa kirefu chenye ngome, mfalme, joka na safari ya siku nyingi. Mzazi ana pesa za kitabu kimoja, na kila aliyemwuliza amemtajia jina jingine. Anaogopa kukosea, nami namwelewa. Mtoto akikitupa kitabu chake cha kwanza kirefu kabla ya nusu, hujiambia kwamba vitabu virefu si vyake, na neno hilo huchukua muda kumtoka.

Nimesoma visa vya aina hii na wanangu watatu, mmoja baada ya mwingine, na tena Jumamosi mchana na watoto wa majirani wanaojaa sebuleni. Vinne ndivyo vinavyorudi kila mara. Vitatu hutajwa na wazazi, cha nne hukitaja mimi.

## Visa vyenyewe

The Hobbit cha J.R.R. Tolkien kilitoka Uingereza mwaka 1937. Bilbo Baggins, mtu mfupi mwenye nyayo za manyoya na mapenzi makubwa ya chakula, anang'olewa nyumbani kwake na mzee Gandalf na mbilikimo 13 wanaotaka kurudisha hazina yao inayolaliwa na joka Smaug. Mwandishi mwenyewe ni mzaliwa wa Afrika, alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, na watoto hupenda kulisikia hilo.

The Lion, the Witch and the Wardrobe cha C.S. Lewis kilifuata mwaka 1950. Ndugu wanne waliohamishwa kutoka London wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wanaingia ndani ya kabati la nguo na kutokea nchi ya Narnia, ambako malkia mwovu ameshikilia majira ya theluji miaka mia moja bila Krismasi kufika. Lewis na Tolkien walikuwa marafiki, wote wakifundisha Oxford.

A Wizard of Earthsea cha Ursula K. Le Guin, mwandishi wa Marekani, ni cha mwaka 1968. Ged, mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont, ana kipawa kikubwa na majivuno yanayokizidi. Akiwa mwanafunzi anataka kumwonyesha mwenzake kwamba yeye ni zaidi, anafungua mlango asiopaswa kuufungua, na kivuli kinatoka. Kutoka hapo kivuli hicho kinamwandama baharini, kisiwa hadi kisiwa.

Cha nne ni kisa cha Fumo Liyongo, mpiga upinde na mshairi wa pwani yetu ya kaskazini, kule Mto Tana unakoingia baharini. Edward Steere alikichapisha kwa nathari mwaka 1870 miongoni mwa ngano za Waswahili alizokusanya, na mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu akakitungia utenzi wa beti zaidi ya mia mbili. Wazazi hushangaa nikikiweka hapa. Wamezoea kwamba enzi za kati maana yake ni ngome za Ulaya na askari waliovaa chuma. Lakini msafiri Ibn Battuta aliposhuka Mombasa na Kilwa mwaka 1331 alikuta miji yenye misikiti, masultani na wafanyabiashara, na kuta za Gedi karibu na Malindi zilikuwa na watu ndani yake mpaka karne ya 17. Mtoto wa Nairobi aliyekwenda Gedi kwa ziara ya shule ameshaitembelea ngome ya kisa chake, ila hakuna aliyemwambia.

## Ninavyopima

Umri uliochapwa nyuma ya kitabu siutegemei. Stanley Unwin, mchapishaji wa The Hobbit, alimpa mwanawe Rayner muswada wa kitabu hicho ausome. Mtoto huyo alikuwa na miaka 10 na alilipwa shilingi moja kwa kazi hiyo. Akaandika kwamba kitawapendeza watoto wa miaka 5 hadi 9. Nimekaa na watoto wa miaka 11, wanaopata alama nzuri sana za Kiingereza, wakizama katika ukurasa wa pili wa kitabu hicho hicho. Tofauti haikuwa akili. Rayner alikulia katika nyumba ya vitabu na lugha ile ndiyo aliyonyonya.

Kwa hiyo nauliza mambo matano. Lugha yake ni nzito kiasi gani, na mtoto atasoma peke yake au kuna mtu wa kusoma naye? Kinatisha kwa namna gani? Kinasema nini juu ya uchawi na imani, kwa sababu nyumba nyingi hapa zitauliza hata kama mtoto hataki? Mtoto atajiona wapi ndani yake? Na je, kinapatikana mjini bila kuzunguka wiki nzima? Mawili ya kwanza ndiyo yanayoamua mara nyingi, na ukiniuliza moja tu nitasema hofu.

## Lugha, na anayesoma

Kitabu cha kabati ndicho chepesi. Sura 17 fupi, sentensi zilizonyooka, na mambo huanza mapema: kufikia mwisho wa sura ya kwanza Lucy ameshapita kabatini na kusimama kwenye theluji. Mtoto wa Gredi ya 4 anayesoma Kiingereza kwa raha anaweza kukimaliza kwa wiki mbili bila msaada mwingi. Atakwama kwenye vitu, si kwenye maneno. Mnusu-mtu mnusu-mbuzi anayemkaribisha Lucy chai hana jina la Kiswahili, basi mweleze hivyo hivyo. Zile peremende za malkia zinazomponza Edmund, mlinganishe na halua ya Mombasa. Si kitu kile kile hasa, lakini utamu na kunata vinafanana, na mtoto aliyewahi kupewa kipande kimoja akanyimwa cha pili anamwelewa Edmund papo hapo.

Kitabu cha Bilbo kina sura 19, na urefu wake unazidi mara mbili ule wa kitabu cha kabati. Sentensi zake ni ndefu, nyimbo ni nyingi, na sura ya kwanza ni karamu inayochukua muda mrefu kabla ya mtu yeyote kutoka nje. Hapo ndipo wengi wanaosoma peke yao huishia. Lakini kisome kwa sauti na kitabu kinageuka kuwa kingine. Msimulizi wake huzungumza na wasikilizaji, anawakatiza, anawaahidi mambo, kama bibi anayesimulia huku akichambua mchele. Sura ya tano, Bilbo akiwa gizani chini ya mlima na kiumbe Gollum, ni ya kutegana vitendawili, na watoto wetu wanaujua mchezo huo kuliko watoto wengi wa Uingereza wa leo. Nyumbani kwangu tulisimama kila kitendawili. Mimi natega, wao wanategua, anayeshindwa ananipa mji. Tofauti ni kwamba Bilbo akishindwa hatoi mji, analiwa. Sebule ilinyamaza hadi nikasikia friji. Tolkien aliiandika upya sehemu ya sura hiyo katika toleo la 1951 ili iendane na kitabu kikubwa alichokuwa akikitayarisha. Nakala yoyote utakayoipata madukani ina hayo marekebisho.

Kitabu cha Ged kina sura 10 tu, na kwa kukitazama utadhani ni chepesi. Siyo. Le Guin anaandika kama mtu anayesimulia jambo la kale lililokwisha kuthibitishwa, maneno machache, mazungumzo haba, miaka mitatu ikipita katika aya moja. Mtoto aliyezoea kila kitu kuelezwa atasema kinachosha. Anayependa kukaa kimya na kufikiri atakisoma mara tatu. Binti yangu wa kati alikianza akiwa na miaka 10 akakirudisha rafuni. Alikichukua mwenyewe akiwa na 13, na safari hii hakuinuka kula.

Liyongo ana mlango wa aina mbili. Ukifungua utenzi wenyewe utakuta Kiamu, lahaja ya Lamu, na mtoto wa Nairobi aliyelelewa kwa Kiswahili cha shule na Sheng ya mtaani atahitaji mtu wa kumkalia karibu, ubeti kwa ubeti. Mapigo yake humsaidia. Kila kipande kina mizani minane, vipande vinne kwa ubeti, na kina cha mwisho ni kimoja tangu mwanzo hadi tamati, kwa hiyo hata asipoelewa neno sikio linajua mahali lilipo. Mlango wa pili ni masimulizi ya nathari, au mdomo wako mwenyewe. Kisa kizima kinaweza kusimuliwa kwa jioni mbili. Hiki pekee kati ya vinne hakimdai mtoto Kiingereza.

## Hofu

Hapa ndipo ningependa mzazi atulie, kwa sababu visa hivi vinatisha vyote, na ndivyo vinavyopaswa kuwa. Mtoto anayeomba joka anaomba kuogopa akiwa mahali salama. Suala ni hofu ya namna gani.

Hofu ya The Hobbit ni ya nje. Majitu matatu yanayotaka kuwapika, majini wa mapangoni, buibui wakubwa wa msituni wanaowafunga mbilikimo kwa utando, kisha joka. Kila hatari ina umbo, ina mwanzo na mwisho, na baada yake mara nyingi kuna chakula. Hofu kama hiyo watoto wadogo huimudu vizuri ajabu. Mwishoni tu mambo hubadilika. Kuna vita vya majeshi matano, na wapo wanaopendwa ambao hawatoki. Kitindamimba wangu, ambaye buibui hawakumtikisa, alilia kwa kifo kimoja pale, na alilia zaidi kwa sababu aliyekufa alikuwa amekosana na Bilbo kabla ya vita. Tulikaa na jambo hilo jioni nzima. Nilifurahi kwamba halikumpata akiwa peke yake chini ya blanketi.

Kwenye kitabu cha kabati hofu inatoka ndani ya familia. Edmund anawasaliti ndugu zake. Analaghaiwa, anajua anafanya vibaya, na anaendelea. Kwa mtoto mwenye ndugu wengi hilo linaingia ndani kuliko joka lolote. Kisha kuna kifo cha simba Aslan usiku, kwenye meza ya mawe, akinyolewa manyoya na kuchekwa. Kimeandikwa kwa upole lakini ni kikatili. Habari njema ni kwamba kurasa chache tu baadaye asubuhi inafika. Usizime taa katikati ya sura hizo mbili. Sura ya 14 na ya 15 zisomeni siku moja, hata kama ni saa tatu usiku na kesho kuna shule.

Ged anaogopa kitu alichokifanya mwenyewe. Kivuli hakina sura, hakina jina, na hakuna anayeweza kumwondolea. Hakuna vita, hakuna jeshi linalokuja kumwokoa. Kuna kijana, mashua, na bahari ya baridi. Kwa mtoto wa miaka tisa hofu hiyo ama haina maana ama haimwachi alale. Kwa mtoto wa miaka 13 aliyemtendea rafiki jambo baya na hajui pa kuanzia kuliomba radhi, sijui kitabu kinachomfaa zaidi. Nakisema hivi kwa sababu nimeona kikifanya kazi hiyo.

Na Liyongo, watu hudhani kwa kuwa ni chetu basi ni cha watoto wadogo. Nusu ya kwanza ndiyo. Mfalme wa Pate anamtia gerezani, mamake anampelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, walinzi wanakila. Liyongo anaimba shairi la mafumbo ambalo Saada anampelekea mama, na mama anaoka mkate wa pumba wenye tupa ndani yake. Walinzi wanaudharau, wanampa. Kisha anaomba ngoma ya gungu ichezwe usiku, na kelele za matoazi zinafunika sauti ya tupa ikila pingu. Watoto hupiga makofi. Nusu ya pili ni nyingine kabisa. Mwili wake hauingii silaha, isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo anaitoa kwa mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa kuozwa binti wa mfalme. Mtoto anamuua babake. Liyongo anakwenda kisimani akiwa na jeraha, anapiga goti na upinde mkononi, anakufa hivyo hivyo, na watu wanakaa na kiu kwa kuogopa kumkaribia. Hakuna asubuhi ya Aslan hapa. Kwa walio chini ya miaka 10 mimi huishia pale pingu zinapokatika, na nawaambia wazi kwamba kisa kinaendelea na nitawapa kilichobaki wakikua.

## Neno «uchawi» na imani ya nyumbani

Wazazi wawili kati ya watano wanaonijia huliuliza hili kabla ya jingine lolote. Silichukulii kama woga wa bure. Katika Kiswahili mchawi ni adui. Ni mtu anayeroga, anayeua ng'ombe wa jirani na mimba ya shemeji. Kuna wazee Kilifi na Kisii waliouawa kwa kusingiziwa neno hilo. Kwa hiyo mzazi akisikia kwamba shujaa wa kitabu ni «mchawi», lazima ashtuke.

Tatizo kubwa ni la tafsiri tunayoifanya kichwani. Kiingereza kina maneno mawili, «witch» na «wizard», pale ambapo sisi tuna moja. Malkia wa Narnia ndiye mchawi kwa maana yetu kamili, na kitabu kinamlaani kama ambavyo nyanya yako angemlaani. Gandalf siye. Ninapowasomea watoto kwa Kiswahili namwita «mzee mwenye maarifa», na hakuna kinachopotea, kwa kuwa kazi yake kubwa ni kushauri, kuonya na kutoweka wakati mbaya. Kwa Ged nasema «mjuzi wa majina», na hilo ni karibu sana na kitabu chenyewe. Nguvu zote za Earthsea zinatokana na kulijua jina la kweli la kitu, na walimu wake wanamkanya kila siku kwamba ukiwasha taa mahali fulani umetupa kivuli mahali pengine. Mtoto aliyekatazwa kulitaja jina la mkwe, au mwenye jina la babu ambalo haliitwi ovyo, analielewa jambo hilo bila maelezo.

Sasa imani. Lewis alikuwa Mkristo na kifo cha Aslan kwa kosa la mwingine kimefuata njia ya Injili waziwazi. Nyumba ya Kikristo itakifurahia na hata kukitumia Pasaka. Familia ya Kiislamu kule Eastleigh au South C ijue hilo kabla, kisha iamue. Nina majirani wawili Waislamu, mmoja alikisoma na watoto wake kama ngano ya simba, mwingine alichagua Liyongo, na wote wawili walikuwa na sababu. The Hobbit hakina dini ndani yake, ingawa Tolkien alikuwa Mkatoliki wa dhati. Le Guin aliegemea fikra za Kidao za mizani ya ulimwengu. Hakuna Mungu wa kuombwa katika kisa chake, na wafu wana nchi yao kavu isiyo na nuru. Hilo la wafu ndilo ningemwambia mzazi mshika dini, kuliko uchawi wenyewe. Liyongo amesimama katika ulimwengu wa Kiislamu wa pwani. Ajabu yake ni moja tu, mwili usiopenywa na silaha.

## Mtoto atamwona nani

Hili niliwahi kulipuuza, nikarekebishwa na binti yangu mkubwa. Alipomaliza The Hobbit alinihesabia wanawake wanaozungumza katika safari ile. Hawapo. Msichana anaweza kujiona ndani ya Bilbo, na wengi hufanya hivyo, lakini atafanya kazi ya ziada.

Lewis ana Lucy na Susan, na Lucy ndiye jicho la kitabu. Hata hivyo Peter anapewa upanga na ngao, na wasichana wanaambiwa kwamba vita ni vibaya wanawake wakipigana. Ulizeni swali hapo, msiruke.

Le Guin aliwafanya watu wake wawe na rangi kwa makusudi. Ged ni mwekundu-kahawia, rafiki yake Vetch ni mweusi, na weupe ndio wavamizi wa kutoka mashariki. Mwaka 1968 hilo lilikuwa jambo zito, na mwandishi alilalamika miaka mingi kuhusu majalada na filamu zilizomfanya Ged kuwa mzungu. Kwa hiyo ukiona nakala yenye kijana mweupe jaladani, mwonyeshe mtoto aya inayosema vingine. Ni kisa cha visiwa, mashua na pepo, na mtoto mwenye babu mvuvi Lamu au Vanga atajisikia kwao kuliko msituni mwa Tolkien. Kwa wasichana kitabu hiki cha kwanza ni kibahili. Shule ya Roke, anakosomea Ged, ni ya wavulana, na Gont wana msemo wa kuudharau ujuzi wa wanawake. Le Guin alilirudia jambo hilo baadaye, na kitabu cha pili, The Tombs of Atuan cha 1971, kinaanza na kusimama juu ya msichana aitwaye Tenar.

Katika Liyongo mwenye akili ni mama, na anayebeba ujumbe kwa hatari ya maisha yake ni Saada. Lakini Saada ni kijakazi, mtu anayemilikiwa, na kisa hakisimami kumlilia. Simama wewe.

## Kuvipata mjini

Vitabu vya Lewis na Tolkien utavikuta katika maduka makubwa ya vitabu na kwa wauza vitabu vya mitumba katikati ya jiji. Le Guin huhitaji subira au kuagiza. Ukinunua cha mitumba, fungua kurasa za mwisho kabla ya kulipa. Niliwahi kuuziwa nakala ya The Hobbit isiyo na karatasi mbili za mwisho, na nilikuja kujua mbele ya watoto sita. Angalia pia ramani zipo. Kwa Ged, bila ramani ya visiwa mtoto atapotea.

Maktaba ya McMillan pale Banda Street ilifunguliwa mwaka 1931 na kwa miaka mingi ilikuwa ya wazungu peke yao. Leo ni ya jiji, na ina matawi Kaloleni na Makadara, kwa hiyo mtu wa Eastlands hana haja ya kupanda matatu kwenda mjini ili mtoto aguse kitabu kabla ya kukinunua. Ukienda Banda Street na mtoto anayesoma Lewis, mpitishe mlango wa mbele penye simba wa mawe. Yeye ataelewa, kwa sababu Narnia nako kuna simba wa jiwe anayeamka.

## Kulingana na hali yako

Kama mtoto ana miaka 8 hadi 10, atasoma peke yake, na hii ndiyo mara yake ya kwanza kushika kitabu kirefu, mpe cha kabati. Ukishakipima kwa imani ya nyumbani kwako, hakuna chepesi kukizidi kati ya hivi. Akitaka kuendelea, vipo saba kwa jumla, vilivyotoka kati ya 1950 na 1956. Wachapishaji wa leo huvipanga kwa mfuatano mwingine, lakini mimi hufuata ule wa kutoka kwake, na hiki ndicho cha kwanza.

Kama una dakika ishirini kila usiku na sauti isiyochoka, na watoto ni wawili watatu wa umri tofauti, The Hobbit kitawashika wote kwa mwezi mmoja na nusu hivi. Kama huna dakika hizo, usikinunue mwaka huu kwa mtoto wa chini ya miaka 11.

Kama ni kijana wa sekondari ya chini, mkimya, anayesema vitabu vya joka ni vya watoto, mpe Ged na usimwulize amefika wapi. Kama ni msichana na Roke inamuudhi, hana kosa. Mruhusu aruke hadi kwa Tenar, kisha arudi.

Kama mtoto anasoma Kiingereza kwa shida na Kiswahili kwa raha, au kama anaipenda historia kuliko mazingaombwe, au kama mnakwenda Malindi au Lamu likizo hii, anza na Liyongo. Kipini wapo wanaoonyesha kaburi lake.

Kama hapendi kusoma kabisa, usinunue chochote kwanza. Ngoja stima zipotee jioni moja, muwashe mshumaa, umsimulie gereza la Pate. Fika pale walinzi wanapoudharau mkate wa pumba na kumpa Liyongo, kisha nyamaza. Atakuuliza kilichokuwa ndani.